Mwaka na Nusu Mkekani: Tathmini ya Darasa la Yoga la Wanaoanza

Darasa ninalolitathmini hapa ni la yoga kwa watu wazima wanaoanza. Hukutana mara mbili kwa juma, kila kipindi huchukua dakika 75, nami nimelihudhuria kwa miezi 18, nikikosa majuma matatu tu nilipougua. Nilijiunga kwa lengo moja, ambalo niliandika mwenyewe kwenye fomu: nilitaka nikikaa sakafuni na kunyoosha miguu, kisha nikainama, vidole vya mikono vifike kwenye nyayo. Havijafika hadi leo, na juma lililopita nimelipia muhula mwingine kwa moyo mkunjufu. Nimeona nieleze kwa nini, kwa sababu naamini wapo wengi wanaosita mlangoni mwa darasa kama hili wakidhani kuwa ni lazima kwanza wawe na mwili unaofaa.

Ili hukumu yangu ieleweke, sina budi kulitaja darasa jingine, nililolihudhuria miaka minne iliyopita kwa muda wa miezi miwili. Chumba chake kilikuwa na vioo kuanzia sakafuni hadi darini katika kuta tatu, na mwalimu wake alikuwa na mazoea ya kupita nyuma ya wanafunzi akiwasukuma. Siku moja, tukiwa tumeinama mbele, alinikandamiza mgongoni kwa viganja vyote viwili bila kusema neno, nami nikasikia kitu kama uzi unaokatika chini ya kalio la kushoto. Kwa miezi saba sikuweza kukaa kwenye kiti kigumu zaidi ya nusu saa. Mtaalamu wa viungo aliyenihudumia alinifafanulia kwamba misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa kwa kano kwenye mfupa wa kukalia, na kwamba kano hupata damu kidogo kuliko nyama ya msuli wenyewe, ndiyo maana jeraha la hapo huchelewa kupona. Hata hivyo, maumivu hayo siyo yanayoniuma zaidi nikikumbuka. Kinachoniuma ni kwamba katika miezi yote saba sikumlaumu mwalimu yule hata mara moja. Niliulaumu mwili wangu, nikauita mgumu, mzito, wa aibu, na kila nilipopita mbele ya kioo nilikuwa na neno baya la kuuambia.

Basi nilipoingia katika darasa hili la sasa, kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni vioo, na havikuwapo. Kuta ni tupu, sakafu ni ya mbao, na upande mmoja kuna rafu ndefu yenye mablanketi yaliyokunjwa kwa namna moja, matofali mepesi ya mbao na ya sponji ngumu, mikanda ya pamba yenye pete mbili za chuma, mito mirefu iliyoshindiliwa, na viti vya kukunja. Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinikabidhi kibao kidogo cha mviringo ambacho upande mmoja kimepakwa rangi ya kijani na upande wa pili hakikupakwa kitu. "Dada, kiweke mbele ya mkeka wako," aliniambia. "Kijani kikiwa juu, naruhusiwa kukugusa ili kukurekebisha. Ukikigeuza, nitakuelekeza kwa maneno tu, na hutaulizwa sababu." Kibao changu kilikaa upande usio na rangi ukiwa juu kwa miezi mitano, na kweli hakuna aliyeniuliza. Katika mwezi wa sita nilikigeuza mwenyewe, siku ambayo haikuwa na jambo lolote la pekee, na mwalimu alipofika kwangu aliweka vidole viwili tu kwenye ukingo wa bega, akasubiri nivute pumzi na kuitoa, bega likashuka lenyewe. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kulisifu darasa hili, ningechagua kibao kile, kwa sababu kilinifundisha kwamba ruhusa ya kuugusa mwili wangu ni mali yangu, na kwamba naweza kuitoa au kuinyima bila kumwomba mtu radhi.

Vile vifaa vya rafuni niliviona haya mwanzoni. Nilidhani ni vya wagonjwa, na kwa majuma kadhaa nilijikaza kufanya kila mkao bila tofali wala mkanda, huku meno nimeyauma na pumzi nimeizuia. Mwalimu hakunikemea, alitusimulia tu habari ya B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014, ambaye mtindo wake ndio unaofuatwa kwa sehemu kubwa katika darasa letu. Utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na alipoanza yoga mjini Mysore chini ya shemeji yake, T. Krishnamacharya, alikuwa kijana dhaifu asiyetarajiwa kufika mbali. Mwaka 1937 alihamia Pune kufundisha, na katika miaka mingi ya kazi yake ndiye aliyeeneza kuliko mtu mwingine yeyote matumizi ya mikanda, matofali, kamba na viti, ili mkao umfikie mtu mahali alipo badala ya mtu kuukimbilia mkao. Habari hiyo ilinigusa sana. Niliona kwamba tofali lile halikubuniwa kwa kuwahurumia walioshindwa. Lilitoka kwa mtu aliyeujua udhaifu kwa mwili wake mwenyewe na akaupa heshima ya kuutafutia njia.

Niruhusiwe kueleza kwa kina mkao mmoja, kwa kuwa ndio ulionileta na ndio ulionibadilisha. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huitwa paschimottanasana, na jina hilo lina maana ya kuunyoosha sana upande wa magharibi, yaani upande wa nyuma wa mwili, kwa hesabu ya mtu aliyeelekea mashariki linakochomoza jua. Katika darasa la zamani niliambiwa niinue mikono, niiname, nishike nyayo. Hapa mwalimu alianza kwa kukunja blanketi mara nne na kuniambia nikae kwenye ukingo wake, kwa maelezo kwamba misuli ya nyuma ya paja ikiwa mifupi, huivuta fupanyonga irudi nyuma, na fupanyonga ikirudi nyuma mgongo hauna la kufanya ila kupinda kama upinde. Lakini makalio yakiinuliwa kidogo, fupanyonga hupata nafasi ya kuinamia mbele, na uti wa mgongo huifuata ukiwa umenyooka. Kisha akapitisha mkanda kwenye nyayo zangu, akanipa ncha zake mbili nizishike popote mikono itakapofika bila kukunja magoti kwa nguvu. Ilifika karibu na katikati ya miundi. Nilitazama umbali uliobaki kati ya vidole vyangu na nyayo, na kwa mara ya kwanza sikuuona kama pengo la aibu, kwa sababu palikuwa na mkanda ambao ulikuwa unaziunganisha sehemu zile mbili, ukinipa kitu cha kushika.

Nimekuwa nikitumia mkanda uleule tangu siku ile. Ni wa rangi ya buluu, na mahali ninapouminya kwa vidole gumba rangi imefifia na nyuzi zimeanza kusimama kama manyoya. Ukiutazama kwa makini utaona madoa mawili yaliyofifia, la kwanza likiwa la miezi ya mwanzo na la pili likiwa la sasa, na umbali kati yao ni upana wa vidole vitatu. Hayo ndiyo maendeleo yangu ya miezi 18 kwa kipimo cha kitambaa. Ningeambiwa hivyo siku ya kujiandikisha, ningeondoka. Leo napenda kuyagusa madoa yale kabla ya kuanza, kwa kuwa kila uzi uliosimama pale ni jioni moja ambayo sikuukimbia mwili wangu.

Jambo lililonifungua macho zaidi, ambalo sikuwahi kulisikia katika darasa la awali, ni habari ya mifupa. Mwalimu alitulaza chali, akatuambia tuvute goti moja kuelekea kifuani polepole, na linapogoma tujiulize swali moja: kizuizi kiko wapi? Tukihisi mvuto nyuma ya paja au kwenye kalio, kizuizi ni cha misuli, na misuli huweza kurefuka kwa uvumilivu. Tukihisi kubanwa mbele, kwenye kunjo la nyonga, kama mlango uliofika kwenye kizingiti, huenda ni mfupa uliokutana na mfupa, na hapo hakuna mazoezi yatakayobadili kitu. Tundu la nyonga halilingani kwa watu wote: kina chake hutofautiana, mwelekeo wake hutofautiana, na hata pembe ya shingo ya mfupa wa paja hutofautiana, ndiyo maana mtu mmoja hukunja miguu katika ule mkao maarufu wa yungiyungi siku ya kwanza, na mwingine akiulazimisha kwa miaka kumi ataishia kuliumiza goti, kwa sababu nyonga isipozunguka, goti ndilo hulipa deni. Goti langu la kulia hufika kifuani bila shida. La kushoto hubanwa mapema. Nilikuwa nimeishi na nyonga ile kwa zaidi ya miaka 40, nikiituhumu kwa uvivu, na kumbe ilikuwa imeumbwa hivyo tu.

Naona ni hapa ndipo darasa hili linapotofautiana na mazungumzo mengi ya kujikubali tunayoyasikia. Mara nyingi tunaambiwa tujipende, basi, kana kwamba ni swichi ya kuwasha, na asiyeweza huongezewa kosa jingine la kushindwa hata kujipenda. Mimi sikuweza kuupenda mwili wangu kwa kuamua. Nilichoweza ni kuujua, kipande kwa kipande, jioni kwa jioni: kwamba kifundo hiki hukaza asubuhi, kwamba bega hili hupanda nikiwa na hofu, kwamba nyonga ile haina kosa. Kadiri nilivyoujua ndivyo matusi yalivyopungua, kwa maana ni vigumu kuendelea kukitukana kitu ambacho umekwisha kuielewa sababu yake. Na kujua huku hakukunifanya nikate tamaa ya kubadilika. Kumenionyesha mahali ambapo juhudi yangu ina maana, yaani misuli, pumzi, subira, na mahali ambapo haina, nikaacha kuimwaga huko.

Mwalimu hutaja mara chache, na kwa maneno machache, maandishi ya kale ambayo fikra hizi zinatokana nayo. Semi fupi zinazonasibishwa na Patanjali, mwanafikra wa kale wa India, ambazo jumla yake haifiki 200, zina tatu tu zinazoeleza mkao wa mwili, na sifa ya mkao inayotajwa humo ni kwamba uwe thabiti na wenye raha. Mkao wenyewe ni hatua ya tatu tu kati ya hatua nane za njia ya yoga inayoelezwa humo. Kabla yake zimetangulia kanuni za mwenendo, na ya kwanza kabisa kati ya hizo ni ahimsa, yaani kutodhuru, huku santosha, yaani kuridhika, ikiwa miongoni mwa zile za mtu na nafsi yake. Jioni moja nilipokuwa nikijikaza tena, mwalimu alichuchumaa karibu nami akasema taratibu, "Dada, ahimsa huanzia kwenye goti lako." Sikumjibu. Nililegeza goti, nikaongeza tofali chini ya mkono, na usiku ule nilikaa muda mrefu nikifikiri ni mambo mangapi mengine ninayoyaendesha kama nilivyokuwa nikiliendesha goti lile.

Wapo wasomaji watakaouliza kuhusu dini, na swali lao ni la haki. Yoga ilizaliwa India, katika mapokeo ambayo Uhindu una sehemu kubwa ndani yake, na hakuna sababu ya kuificha asili hiyo. Katika darasa hili hakuna uimbaji wala sanamu. Kipindi huanza kwa dakika tatu za kimya, majina ya mikao hutajwa kwa Kisanskriti kisha yakaelezwa, na anayetaka kuutumia ule ukimya kwa sala ya imani yake huachwa na Mungu wake. Mimi ni mtu wa sala, na sijaona kitu kilichonitaka niiache. Lakini nafsi hazilingani, na mwenye wasiwasi aombe kuhudhuria kipindi kimoja akiwa mtazamaji kabla ya kujiunga, jambo ambalo darasa linaliruhusu.

Kuhusu pumzi, nilikuwa nimesoma mengi na kuamini machache. Zoezi letu la msingi ni rahisi: tunalala chali, mkono mmoja tumboni, tunavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika kumi. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka tunapovuta na kupanda tunapotoa, na mkono ulio tumboni huinuka na kutua kama mtumbwi uliofungwa pwani. Kwa kawaida moyo huongeza mwendo kidogo mtu anapovuta pumzi na kuupunguza anapoitoa, kwa kazi ya neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na ndiyo sababu kurefusha utoaji wa pumzi hutuliza. Kilichonishangaza si utulivu huo bali ugunduzi uliofuata nje ya darasa: kwamba mimi huzuia pumzi. Nilijikamata siku moja ofisini nikifungua ujumbe wa msimamizi wangu. Kabla sijasoma hata neno moja, tumbo lilikuwa limekazwa na pumzi imesimama. Nikajikamata tena nikiongea na ndugu yangu kuhusu jambo tunalotofautiana, na tena nikijipima nguo. Sasa nikijikamata, natoa pumzi kwanza, kwa hesabu ya sita, ndipo nasoma, ndipo najibu. Ndugu yangu hajui lolote kuhusu darasa hili, ila aliniambia mwezi uliopita kwamba siku hizi namwacha amalize sentensi.

Sitaki msomaji adhani kwamba kukosekana kwa vioo kuliondoa tabia ya kujilinganisha. Macho tunayo. Kwa miezi ya mwanzo nilijikuta kila mara namtazama msichana mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja, katika mkao wa mti, kama aliyepandwa pale, huku mimi kifundo changu kikitetemeka hadi nilipoteremsha mguu kwa hasira. Mwalimu ana taratibu ya kubadilisha nafasi za mikeka kila kipindi, na siku moja niliwekwa nyuma ya mzee wa miaka zaidi ya sabini anayefanya karibu mikao yote akiwa na kiti. Alikuwa amesimama akishika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, mguu mwingine ameuinua kiasi cha kiganja tu kutoka sakafuni, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake niliweza kukiona kifundo chake: kano ndogo zilikuwa zinacheza chini ya ngozi, moja baada ya nyingine, kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika, na mzee mwenyewe uso wake ukiwa umetulia. Nikakitazama changu. Kilikuwa kinacheza vilevile. Nilikuwa nimeuita udhaifu mtetemo ambao ndio uliokuwa unanisimamisha, kwa maana kila kano inayocheza pale inarekebisha uzito kabla mtu hajaanguka. Tangu jioni ile sijateremsha mguu kwa hasira, nauteremsha nikichoka.

Mapumziko ya mwisho, yaitwayo savasana, mkao wa maiti, huchukua dakika kumi na hayahitaji maelezo mengi: unalala chali, umefunikwa blanketi kwa sababu mwili hupoa, na hufanyi kitu. Nilikuwa nikiondoka kabla yake. Sasa ndiyo sehemu nisiyotaka kuikosa.

Huduma hii ina kasoro, na baadhi si ndogo. Idadi ya wanafunzi imeongezeka kutoka kumi na wawili hadi zaidi ya ishirini, lakini mito mirefu haijaongezwa, kwa hiyo anayechelewa hukosa, na mara nyingi anayechelewa ndiye aliyetoka kazini amechoka kuliko wote. Mwalimu akipata udhuru, anayemshikia nafasi huendesha kipindi kwa kasi ya darasa la waliobobea, na katika vipindi viwili vya namna hiyo sikuona kibao kikiheshimiwa wala kutajwa. Masomo ya video yanayotolewa kwa ajili ya mazoezi ya nyumbani ni dhaifu: kamera iko mbali, nyayo hazionekani, na mtu asiye na mwalimu pembeni anaweza kuyafuata vibaya kwa mwezi mzima asijue. Nyumbani mimi hutumia karatasi moja niliyoandika mwenyewe, yenye mikao mitano na dakika 20, na imenifaa kuliko video zote. Hatimaye kuna tangazo lao, linaloahidi maisha mapya kwa siku 30. Ningewasihi walibandue. Linawavuta watu kwa ahadi ambayo darasa lenyewe, kwa busara yake, halijawahi kuitoa, na nimewaona watu watatu wakija kwa ajili ya zile siku 30 na kuondoka siku ya 31 wakiwa na huzuni ya kushindwa kwa mara nyingine. Maandishi yaleyale ya Patanjali yanasema kwamba mazoezi hushika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wa dhati. Hakuna siku 30 humo.

Kasoro nyingine inahusu usalama. Fomu ya kujiunga inauliza lengo la mwanafunzi lakini haiulizi afya yake, na jambo hili lapaswa kusahihishwa haraka. Mtu mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au mwenye ugonjwa wa macho wa glakoma hapaswi kuwekwa katika mikao ya kichwa chini bila ushauri wa daktari. Mwenye mifupa iliyopungua uzito awe mwangalifu sana na kuinama kwa mgongo uliopinda. Na mjamzito anahitaji mpangilio wake tofauti. Mwalimu wetu huuliza haya mwenyewe kwa mdomo, tena kwa upole, lakini yule anayemshikia nafasi haulizi, na fomu ingeuliza kwa niaba ya wote wawili.

Yupo pia mtu ambaye nisingemshauri alitegemee darasa hili peke yake. Aliyezama katika sonona, au anayebeba kumbukumbu za ukatili aliotendewa, anaweza kukuta kwamba kulala kimya macho yakiwa yamefungwa kunamwamshia mambo mazito kuliko anavyoweza kuyabeba. Mwalimu huruhusu mtu kuacha macho wazi, kukaa badala ya kulala, hata kutoka nje bila kuaga, na amewahi kumwambia mwenzetu mmoja waziwazi kwamba alihitaji mshauri nasaha kwanza na mkeka baadaye. Namheshimu kwa hilo. Kwa mtu mwingine yeyote anayeishi katika ugomvi wa kila siku na mwili wake, awe mnene au mwembamba, kijana au mzee, mwenye viungo vyepesi au vigumu kama vyangu, nalipendekeza darasa hili kwa moyo wote, ilimradi ajipe angalau nusu mwaka.

Tarehe 21 Juni, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Desemba 2014 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, darasa huandaa kipindi maalumu cha kusalimia jua mara 108, hesabu inayoheshimiwa tangu kale katika mapokeo ya India. Kusalimia jua ni mfululizo wa mikao inayofuatana na pumzi: unasimama, unainua mikono, unainama, unarudisha miguu nyuma, unashuka, unainua kifua, unarudi juu. Mwaka wangu wa kwanza nilikataa kuhudhuria kwa kuogopa kuonekana nikishindwa. Mwaka huu nilikwenda. Nilipofika 27 mapaja yalikuwa yanawaka na pumzi imeanza kukatika, nikakunja blanketi mara nne, nikakaa ukingoni mwake karibu na mzee wa kiti, ambaye alikuwa akiendelea kuinua na kushusha mikono tu kwa mwendo wake. Aliniuliza wamefika ngapi, kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu. Nikamwambia, naye akaniomba nimhesabie. Nikahesabu kwa sauti ndogo, yeye akiinua mikono na wenzetu wakiinama na kusimama mbele yetu, hadi 108, kisha tukalala chali sote.